Mawese na pumzi ya mtoto njiti



Sokoni Kamembe mawese hayakosi, mengi yakivushwa kutoka Kongo. Tunapikia sombe na maharage, na wengine wetu tulikuzwa tukiona mtoto aliyebanwa kifua akitiwa tone la mafuta puani. Tuliposikia kwamba hospitalini watoto njiti hutiwa dawa yenye mafuta mapafuni, tukaona historia yake ielezwe, isije ikachanganywa na lile tone.

Mwaka 1840 mkemia Mfaransa Edmond Frémy alitenga asidi kutoka kwenye mawese, ikaitwa asidi ya palmitiki. Kumbe asidi hiyo imo pia katika ute wa mapafu yetu, ule unaozuia vifuko vya hewa visigandamane tunapotoa pumzi. Mtoto akizaliwa kabla ya wiki ya 34, mara nyingi ute huo haujamtosha. Mary Ellen Avery na Jere Mead wa Marekani walilionyesha hilo mwaka 1959, lakini dawa haikuwapo. Agosti 1963 Rais Kennedy alimzika mwanawe Patrick, aliyeishi siku mbili tu. Urais haukumsaidia kitu.

Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani aliwatilia watoto 10 ute uliotokana na mapafu ya ng'ombe, wakapata nafuu. Survanta, iliyotokana na kazi hiyo na kuruhusiwa Marekani mwaka 1991, iliongezewa asidi ya palmitiki ili itande upesi. (Ipo na Curosurf, ya mapafu ya nguruwe, na wazazi Waislamu huuliza. Dharura ya kuokoa uhai ina hukumu yake, mashekhe wanaijua.) Dawa hizi hupimwa kwa uzito wa mtoto na kupitishwa kwa mrija.

Mafuta ya chupani ni jambo jingine kabisa. Tangu mwaka 1925 daktari Laughlen alieleza nimonia iliyoletwa na mafuta ya puani kushuka mapafuni. Mapafu hayawezi kuyasaga, na mtoto mchanga hana kikohozi cha kuyatoa.

Dawa ya ute ni ghali. Sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto angali tumboni, waliyoieleza Liggins na Howie wa New Zealand mwaka 1972, ni rahisi zaidi, ila hufanya kazi vizuri ikitangulia uzazi kwa siku moja hivi. Mama wa miezi saba akishikwa na uchungu usiku, apelekwe Gihundwe au Mibilizi usiku huohuo.