Bolingi: Athari ya Marekebisho Madogo

Bolingi ni mchezo wa kubingirisha tufe zito juu ya njia maalumu kwa kusudi la kuangusha pini 10 zilizopangwa kwa umbo la pembetatu. Na katika namna yake iliyoenea Marekani, masafa kutoka mstari wa kutupia hadi pini ya mbele ni futi 60, na tufe haliruhusiwi kuzidi ratili 16. Mtazamaji mgeni hudhani ushindi ni wa mwenye misuli, ilhali wajuzi wa mchezo huu, nasi twaafikiana nao, huona kwamba alama nyingi hupatikana au hupotea kwa mambo yasiyotambulikana kwa jicho la haraka.

Asili ya mambo hayo ni hesabu ya njia yenyewe. Upana wake hugawanywa katika mbao 39, kila ubao ukizidi inchi moja kidogo tu, na yapata futi 15 mbele ya mstari imechorwa mishale 7 ya kulengea. Mchezaji akisogeza miguu ubao mmoja kushoto, huku akiendelea kuulenga mshale ule ule, tufe linalokwenda sawasawa litafika penye pini likiwa limehama mbao tatu kulia, kwa kuwa masafa ya baada ya mshale ni mara tatu ya yale ya kabla yake. Basi atumiaye mkono wa kulia, ambaye tufe lake huangukia mno upande wa kushoto, hana haja ya kuubadili mkono. Ahamishe miguu upande ule ule wa kosa, na yatosha.

Usahihi huu walazimu kwa sababu tufe la atumiaye mkono wa kulia, hata likiingia barabara baina ya pini ya 1 na ya 3, hugusa pini nne tu, nazo ni ya 1, ya 3, ya 5 na ya 9, na sita zilizosalia huangushwa na wenzao. Tufe lisilopinda husukumwa kando na uzito wa pini za mwanzo, likaikosa ya 5. Ndiyo maana mabingwa hulipindisha liingie kwa pembe ya karibu digrii 6. Hata hivyo, tofauti ndogo bado huweza kugharimu: mwaka 1970, katika fainali ya mashindano ya Tournament of Champions huko Ohio, mchezaji Don Johnson aliangusha pini zote mara 11 mfululizo, na kwa mtupo wa 12 pini ya 10 ikakataa kuanguka: akatwaa ubingwa kwa alama 299, akajilaza kifudifudi sakafuni.

Zaidi ya hayo, njia hupakwa mafuta, aghalabu kwa futi 40 hivi za mwanzo, na kila tufe lipitapo huondoka na sehemu yake, hata mapito yaliyotumika sana yakakauka na tufe likaanza kupinda mapema kuliko ilivyotazamiwa. Kidole gumba nacho huvimba au hunywea kwa joto na baridi, na tundu likibana au likilegea kidogo mtupo wote huharibika, hivyo wazoefu hubandika au hubandua utepe ndani yake. Wengine hukimbilia kununua tufe jipya kabla hawajajua kusogea ubao mmoja, na hiyo ni israfu. Lililopo laweza kusuguliwa kwa msasa ili lishike njia zaidi, au kung'arishwa ili liteleze, mradi kazi hiyo ifanywe kabla ya mashindano kuanza.