Oili inapoikimbia pampu: Hatari ya kona ndefu kwa magari ya spoti

Wenye magari ya spoti wanaoyapeleka kwenye viwanja vya mbio hudhani kwamba kinachoua injini ni kasi. Aghalabu ni kona. Gari linapopinda kwa nguvu, oili iliyo ndani ya sampu husukumwa upande mmoja, mdomo wa bomba la kuifyonza hubaki mtupu, nayo pampu huvuta hewa.

Nguvu ya kona ikilingana na mvutano wa dunia, jambo ambalo matairi ya mbio huliwezesha bila taabu, uso wa oili huinama kwa nyuzi 45. Kona fupi haina neno. Inayotisha ni ile ya sekunde kadhaa, injini ikizunguka kwa kasi, kwani sehemu ya oili huwa imesalia juu ya injini na haijawahi kuteremka.

Beringi za krankshafti huelea juu ya utando mwembamba wa oili yenye shinikizo. Utando huo ukikatika, chuma husagana na chuma. Beringi zinazoshika mikono ya pistoni ndizo huumia mapema, maana oili huzifikia baada ya kupitia ndani ya krankshafti. Taa ya onyo nayo ni mlinzi mzembe: katika magari mengi huwaka shinikizo likiwa limekwisha kushuka mno, wakati macho ya dereva yako barabarani.

Kinga ya kwanza ni rahisi: oili ijazwe hadi alama ya juu ya kijiti cha kupimia, na ipimwe tena kila gari linapopumzishwa. Kuipitisha mno alama hiyo ni kosa jingine, kwa kuwa krankshafti huipiga oili ikatoa povu. Wala oili nzito si dawa ya tatizo hili. Pampu inayovuta hewa haijali unene wa oili.

Hatua inayofuata ni kuweka kuta ndogo ndani ya sampu, zenye vilango vinavyofunguka upande mmoja tu, ili oili izuiliwe karibu na bomba. Wengine huongeza mtungi wa akiba wenye hewa iliyoshindiliwa, unaosukuma oili ndani ya injini kwa sekunde chache shinikizo linaposhuka.

Tiba kamili zaidi, na ghali zaidi, ni sampu kavu. Hapa pampu huiondoa oili chini ya injini na kuipeleka kwenye tangi refu lililo kando, ambamo si rahisi bomba kukosa oili. Porsche 911 ilikuwa na mfumo huo tangu ilipoanza kuundwa mwaka wa 1964. Toleo lililozinduliwa mwaka wa 1997 liliacha tangi la kando, lakini 911 GT3 ya mwaka wa 1999, iliyokusudiwa viwanja vya mbio, ilibaki nalo. Chevrolet nayo iliipa Corvette Z06 ya mwaka wa 2006 sampu kavu.

Dereva anayeona shinikizo likishuka kwenye kona aondoe mguu kwenye mafuta mara moja. Akisikia injini ikigonga, aizime na kusubiri kuvutwa. Mzunguko mmoja zaidi wa kurudi karakana unaweza kugeuza gharama ya beringi kuwa gharama ya injini nzima.