Simu ya SIP: mwenzio anakusikia, wewe humsikii

Wadau, hili naulizwa sana. Uko kafe, unapiga simu ya intaneti, inapokelewa, mwenzio anakusikia, wewe kimya. Kompyuta zote za kafe zinachangia anwani moja ya nje. Ruta inabadilisha anwani ya juu ya bahasha tu, kumbe SIP, poti 5060, imeandika nyingine ndani ya barua: sauti ije 192.168.1.10. Hiyo ni ya ndani, kutoka nje haifikiki.

Dawa: washa STUN kwenye programu yako, ijue anwani ya nje. Ruta nyingine hubadili poti kwa kila anayewasiliana naye, hapo STUN inagoma. Tumia seva ya TURN, inapokea sauti na kukupasia. Ila kufungua poti zote za faiawoli ni kuwaachia wezi mlango. Nyie mnafanyaje?