Suala la Uteuzi katika Ufadhili wa Watoto: Busia na Malaba, 1995–2003

Utangulizi

Neno fadhila lina historia ndefu katika Kiswahili. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni wema anaotendewa mtu bila ya kudaiwa malipo. Methali za Waswahili, hata hivyo, zaonyesha kwamba wema huo haukuchukuliwa kuwa jambo jepesi. Asemaye 'mfadhili mbuzi, binadamu atakuudhi' anatoa onyo juu ya uhusiano unaozaliwa na fadhila. Naye asemaye 'shukrani ya punda ni mateke' analalamikia uhusiano uliokwisha kuvunjika. Katika semi zote mbili mtenda wema na mtendewa wanajuana. Wanaishi mahali pamoja, na kila mmoja aweza kumhukumu mwenzake.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 neno hili lilipewa kazi mpya. Mfadhili akawa mtu au shirika litoalo fedha kutoka mbali, na mtoto anayefadhiliwa akawa yule ambaye karo, sare na vitabu vyake vinalipiwa na mtu asiyepata kumwona ila katika picha. Uhusiano wa kujuana ukabadilishwa kwa barua na orodha ya majina. Badiliko hilo lilizua swali ambalo fadhila ya zamani haikulazimika kulijibu waziwazi: miongoni mwa watoto wengi walio na dhiki ile ile, nani achaguliwe, na nani amchague?

Makala haya yanalichunguza swali hilo katika sehemu za Busia na Malaba, upande wa Kenya wa mpaka wa Uganda. Sehemu hizo zafaa kwa uchunguzi kwa sababu katika muda usiofika miaka 10 shirika moja la Kikristo lilijaribu humo njia kadhaa za kugawa msaada, na matokeo yake yakaandikwa kwa makini kuliko ilivyo kawaida.

Chimbuko la ufadhili wa mtoto mmoja mmoja

Ufadhili wa namna hii ulizaliwa vitani. Mwaka 1937, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Hispania, mwandishi wa Uingereza John Langdon-Davies alishiriki kuanzisha chama kilichomwunganisha kila mtoto mkimbizi na mtu mmoja wa kumsaidia. Mwaka uliofuata, mchungaji Calvitt Clarke alianzisha huko Virginia, Marekani, mfuko wa watoto wa China, ambao baadaye uliitwa Christian Children's Fund. Shirika la World Vision lilianzishwa mwaka 1950, na Compassion likafuata mwaka 1952, baada ya mhubiri Everett Swanson kuwaona mayatima wa vita vya Korea.

Asili hiyo yaeleza mengi. Yatima wa vita ni mtoto aliyetengwa na ukoo wake. Hivyo yawezekana kumsaidia yeye peke yake. Mashirika hayo yalipoingia Kenya, Christian Children's Fund mwaka 1960, World Vision mwaka 1974 na Compassion mwaka 1980, yalikuta hali nyingine. Mtoto wa kijiji alikuwa na wazazi, ndugu, babu na nyanya, na umaskini wake ulikuwa umaskini wa wote. Kumtoa mmoja katika orodha ya ndugu watano kulikuwa ni kuwaacha wanne.

Hapana shaka kwamba aliyechaguliwa alifaidika. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 na Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge ulihusu watu 10,144 katika nchi 6, zikiwamo Kenya na Uganda. Ilionekana kwamba waliofadhiliwa na Compassion utotoni walisoma kwa muda wa mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu zaidi ya ilivyotazamiwa. Yafaa kuangalia jinsi jambo hilo lilivyojulikana: waliofadhiliwa walilinganishwa, pamoja na wengine, na kaka na dada zao waliokuwa wamepita umri wa kuandikishwa mradi ulipofika kijijini. Kipimo cha faida ya mmoja kilikuwa ni hasara ya nduguye.

Mpaka na shule zake

Busia na Malaba ni miji ya mpakani. Barabara na reli itokayo Mombasa kuelekea Kampala hupita Malaba. Barabara ya kutoka Kisumu huvuka Busia. Mpaka wenyewe ulipata sura yake baada ya mwaka 1902, Waingereza walipolihamisha jimbo la mashariki la Uganda na kulitia katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wateso na Wasamia wakajikuta wamegawanywa baina ya nchi mbili. Kusini mwa eneo hili wanaishi Wasamia na Wanyala, katikati Wakhayo na Wamarachi, na kaskazini, kuelekea Malaba, Wateso. Katikati ya miaka ya 1990 sehemu ya Wateso ilitengwa na wilaya ya Busia ikawa wilaya ya Teso. Tangu mwaka 2013 sehemu zote mbili zimo katika kaunti moja ya Busia.

Malori yaliyopita mpakani hayakuacha utajiri mwingi mashambani. Serikali ilikuwa imefuta karo katika madarasa ya chini mwaka 1974, lakini michango ya majengo ikachukua nafasi yake. Na sera ya kugawana gharama, iliyotangazwa mwaka 1988, ikamrudishia mzazi mzigo wa vitabu na vifaa. Juu ya hayo palikuwa na sare. Gharama yake ilikuwa yapata dola 6 za Marekani, fedha nyingi kwa mkulima mdogo, na mtoto asiyekuwa nayo aliweza kurudishwa nyumbani.

Uteuzi kwa kura

Katika mazingira hayo lilifanya kazi shirika la Kiholanzi lililoitwa Internationaal Christelijk Steunfonds, au kwa kifupi ICS. Mwaka 1994 mwanauchumi Michael Kremer, ambaye alipata kufundisha magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1980, alirudi kutembea. Rafiki yake aliyekuwa akifanya kazi na ICS alimweleza kwamba alitakiwa kuzichagua shule 7 za kuingizwa katika mpango wa ufadhili wa watoto. Kremer alishauri kwamba zichaguliwe 14, kisha 7 za kuanzia zipatikane kwa kura.

Kwa njia hiyo, mwaka 1995, shule 7 zilianza kupewa sare, vitabu na madarasa mapya. Msaada haukuwa wa mtoto mmoja mmoja. Wanafunzi wote wa shule iliyopata kura waliupokea. Kura yenyewe haikuwa jambo geni, kwani vyama vya akina mama vya kuchangiana fedha huitumia kupanga zamu. Tofauti ni kwamba katika chama zamu ya kila mmoja hufika, ambapo mtoto wa shule iliyokosa kura alihesabu miaka yake ya masomo ikipita.

Wazazi hawakukaa kungoja. Waliwahamisha watoto wao kutoka shule za jirani na kuwapeleka katika zile zilizopata msaada, hata ukubwa wa madarasa ukaongezeka kwa asilimia 50. Katika shule hizo wanafunzi walioacha masomo walipungua sana, na baada ya miaka 5 walikuwa wamekamilisha masomo kwa kiasi cha asilimia 15 zaidi ya wenzao. Alama za mitihani, hata hivyo, hazikupanda. Wazazi walikuwa wametoa hukumu yao kwa miguu: ni heri darasa lililojaa lisilodai sare kuliko darasa lenye nafasi ambalo mtoto hawezi kuliingia.

Mradi mwingine wa ICS ulionyesha kwamba hata kitu kinachogawiwa wote chaweza kuchagua. Mwaka 1996 shule 25 zilipewa vitabu vya kiada. Wastani wa alama haukubadilika. Waliofaidika ni wale tu waliokuwa wakifanya vizuri tangu awali. Sababu mojawapo ni ya lugha. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa wengi wa watoto hao Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Kitabu kiliwafikia wote mikononi, bali kilisomeka kwa wachache.

Kinyume chake ni dawa za minyoo. Uchunguzi uliofanywa Budalangi na Funyula ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya wanafunzi walikuwa na minyoo au kichocho. Kuanzia mwaka 1998 dawa zilitolewa katika shule 75 zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, kwa mafungu matatu ya shule 25. Utoro ulipungua kwa kiasi cha robo. Wasichana wa umri wa miaka 13 na zaidi hawakupewa dawa kwa jumla, kwa kuhofia madhara kwa mimba. Hata hivyo nao walionekana kupata nafuu, kwa kuwa ardhi waliyoikanyaga ilikuwa na mayai machache ya minyoo. Umbali ambao nafuu hiyo ilifikia nje ya shule zenyewe ulizua mabishano makali kati ya wataalamu mwaka 2015. Lakini ilipojaribiwa mwaka 2001 kuwatoza wazazi ada ndogo, waliopata dawa walishuka kutoka asilimia 75 hadi chini ya asilimia 20. Ada, hata iwe ndogo namna gani, nayo huchagua.

Uteuzi kwa mtihani, na radi ya Korisai

Mwaka 2001 ICS ilianza njia nyingine. Wasichana wa darasa la 6 waliokuwa katika asilimia 15 ya juu katika mtihani wa wilaya, miongoni mwa shule zilizoingizwa katika mradi, waliahidiwa ufadhili wa miaka miwili: shilingi 500 kwa mwaka za kulipia karo, na shilingi 1,000 kwa familia kwa ajili ya vifaa. Zawadi zilitolewa hadharani, mbele ya wazazi na walimu. Huku Busia alama zilipanda, si za wasichana hodari peke yao, bali hata za wale wasiokuwa na tumaini la kushinda, na za wavulana wasiohusika. Walimu nao walihudhuria kazini zaidi.

Upande wa Teso mambo yalikwenda vingine. Mwezi Juni 2001 radi ilipiga shule ya msingi ya Korisai, ikawaua wanafunzi 7 na kuwajeruhi 27. Shule hiyo haikuwa katika mradi wa wasichana, lakini ICS ilipata kuisaidia kwa mradi mwingine. Zaidi ya hayo, majina ya waliopigwa na radi yalifanana na majina ya wafanyakazi wa ICS waliokuwa wameitembelea shule hiyo muda mfupi kabla. Baadhi ya watu walihusisha mambo hayo mawili. Kati ya shule 58 za Teso, 5 zilijitoa mara moja, pamoja na shule moja ya Busia yenye Wateso wengi. Msichana mmoja aliyekwisha kushinda aliukataa ufadhili wake.

Ni rahisi kuliita jambo hili ushirikina na kuishia hapo. Maelezo hayo hayatoshi. Katika miaka hiyo habari za ibada za shetani zilienea Kenya nzima, hata Rais Daniel arap Moi akaunda tume ya kuzichunguza mwaka 1994. Kwa hiyo shaka ya Wateso haikuwa yao peke yao. Aidha, ufadhili wenyewe ulijengwa juu ya majina: jina la mtoto huandikwa, husafirishwa mbali, na neema humrudia mwenye jina. Mzazi aliyekubali kwamba jina lililoandikwa laweza kuleta sare, naye hajui nani aliyelichagua wala kwa sababu gani, hakuwa mbali na kuamini kwamba jina laweza kuleta msiba. Mfadhili wa methali hujulikana hata ubaya wake. Mfadhili huyu hakujulikana hata wema wake.

Hitimisho

Mwaka 2003 serikali ya Rais Mwai Kibaki ilifuta karo ya shule za msingi, na watoto wengi wa Busia na Malaba wakaingia darasani bila ya kuchaguliwa na mtu. Dawa za minyoo nazo zilianza kutolewa na serikali katika shule nyingi za nchi mwaka 2009. Mwaka 2019 Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, na Busia ikatajwa katika vyuo vikuu vya dunia.

Kutokana na historia hii mambo mawili yanadhihirika. Kwanza, vitu vilivyoufungua mlango wa shule vilikuwa vile vilivyomfikia kila mtoto bila ya sharti: sare, kidonge cha dawa, na kufutwa kwa karo. Pili, pale ambapo uteuzi haukuepukika, matokeo yalitegemea kama wananchi waliielewa njia yake na kuikubali. Mtihani ule ule na zawadi ile ile vilizaa juhudi Busia na hofu Teso.

Suala lenyewe halijakwisha. Sare bado hununuliwa na mzazi, na baada ya shule ya msingi kuna gharama za sekondari, ambazo hutafutiwa basari. Tangu kuanzishwa kwa mfuko wa maendeleo ya maeneo ya bunge mwaka 2003, wateuzi ni kamati za wenyeji, watu wanaojulikana kwa majina na kwa nyumba zao. Wazazi wa Busia na Malaba sasa waweza kumwuliza mteuzi uso kwa uso kwa nini mtoto huyu amepata na yule amekosa, jambo ambalo barua iliyotoka ng'ambo haikuwaruhusu kulifanya.