Kivuli Chako Atabaki Nacho Nani?



Wengi wenu mlioko pwani hamjapata kufika Kitai. Ukitoka Songea kwenda Mbinga utapita hapo, na hapo ndipo inapochepuka njia ya Lituhi kuteremka Ziwa Nyasa. Siku hizi malori ya makaa ya mawe ya Ngaka hupita na vumbi lake, lakini nchi hizi si ngeni kwenu kama mnavyodhani. Misafara ya Kilwa Kivinje ilikuwa ikizipita kwenda ziwani, ikichukua nguo na shanga, na ikirudi na pembe na, Mwenyezi Mungu atusamehe, na watu. Katika njia hiyohiyo dini nayo ilipita.

Hapo Kitai nina jirani yangu, bibi mjane mwenye wajukuu wengi. Wajukuu waliomo Dar es Salaam walileta habari kwamba wakija kwa Idi watamchukua mpiga picha wa kazi hiyo kutoka Mbinga, apige picha moja ya jamaa wote, bibi akae katikati. Hawakusema kuwa wanataka picha hiyo kabla bibi hajafariki, lakini bibi si mtoto, alilifahamu. Mwanawe mkubwa akasema picha ni haramu na yeye hatakaa. Dada yake akamjibu kuwa mbona kitambulisho chake kina picha. Maneno yakawa makali mpaka ndugu wawili wa tumbo moja wakaacha kusalimiana, na Idi imekaribia. Nikaitwa.

Nilikwenda na vitabu vyangu kwapani, nimejiandaa kwa la halali na la haramu. Bibi hakuniuliza hayo. Aliniuliza, "Shekhe wangu, na hicho kivuli changu atabaki nacho nani?"

Alikuwa na sababu. Alipoolewa, mwaka 1972, mumewe alimpeleka katika mji mmoja kupigwa picha ya harusi, naye amejifunga kisutu. Walipewa picha yao, wakalipa, wakarudi. Baada ya miezi mumewe alipita mjini akamwona mkewe dirishani mwa duka lile, amekuzwa, ametundikwa kuwavutia wateja, na vijana wamesimama wanamtazama. Alipoomba ishushwe akaambiwa kwamba filamu ni mali ya duka. Ilikaa pale mpaka jua likaifuta. Mzee yule amekufa na jambo lile moyoni.

Basi, msomaji, nilifunga vitabu vyangu. Suali la bibi huyu ni kubwa kuliko ugomvi wa wanawe, na ukilichunguza utaona kuwa ndiyo tarikhi yote ya picha katika nchi zetu.

Asili ya chombo chenyewe haiko mbali na sisi. Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyefia Misri katika karne ya 11, alieleza namna mwanga unavyopenya tundu dogo na kuingia katika chumba cha giza, ukaleta sura ya kilicho nje, imepinduka juu chini. Kamera ni chumba hicho, na jina lenyewe kwa Kilatini maana yake ni chumba. Kilichobaki kilikuwa kuikamata sura ile isiondoke, na hilo lilitangazwa Ufaransa mwaka 1839 na mtu aitwaye Daguerre. Haikupita hata miaka kumi, nahodha Mfaransa, Charles Guillain, akaja na chombo hicho katika safari yake ya mwambao wetu, baina ya 1846 na 1848. Kwa hivyo kamera ilikuja huku mapema kabisa, na wa kwanza kuishika hawakuwa sisi.

Hapa pana mambo mawili ambayo nataka uyatenge, nayo ni mtu kupigwa picha na mtu kukaa apigwe picha. Yanafanana, lakini yametengana kama kununua na kunyang'anywa.

Tuanze na la kukaa. Mwaka 1875 Sayyid Barghash bin Said alikwenda Uingereza, na huko London alikaa pamoja na mawaziri wake wakapigwa picha. Hebu itazame ukiipata. Vilemba vimefungwa sawasawa, majoho yameshuka, na hapana aliyetabasamu. Watoto wa leo huuliza kwa nini wazee wale walikasirika. Hawakukasirika. Vyombo vya zama zile vilitaka mtu atulie sekunde nyingi bila kutikisika, na wapiga picha wengine waliweka nyuma ya mtu chuma cha kushikilia kichwa kisiyumbe. Nani anaweza kuzuia tabasamu lake muda wote huo? Na hata angeweza, wazee wetu hawakuona kwamba meno ndiyo heshima.

Unguja nako hazikukawia kufunguliwa nyumba za kupigia picha. A. C. Gomes, Mgoa, alikuwa na yake tangu karne ya 19, na Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, ikarithiwa na mwanawe Rohit. Mombasa, Parekh alifungua yake katika miaka ya 1940, na Lamu alikuwako Omar Said Bakor, Mwislamu mwenzetu, aliyejifundisha kazi mwenyewe. Watu walikwenda huko kwa miadi kama waendavyo harusini. Kanzu ilipigwa pasi ya mkaa tangu jana yake, kofia ikatiwa wanga, mtoto akaogeshwa na kutiwa wanja, na manukato yakatumika ingawa picha haina harufu. Huyo anayejitia udi kwa ajili ya picha nampenda sana, kwani anajua kuwa anajiandaa kwa ajili ya nafsi yake wala si kwa ajili ya kile chombo.

Iko na hila ya rangi ambayo wenye maduka waliijua. Vioo vya zamani vya kupigia picha viliona buluu vikaifanya nyeupe, na vilikuwa vipofu wa nyekundu, vikaifanya nyeusi. Mwanamke aliyevaa nguo ya buluu alitoka kama aliyevaa sanda, na wa kisutu, chenye nyekundu na nyeusi na nyeupe, alipotea nusu katika kiza. Hata filamu za baadaye, ambazo ziliona zaidi, hazikuweza kuipa nyekundu haki yake, maana nyeusi na nyeupe ndizo rangi zilizokuwa nazo. Bibi wa Kitai ana picha yake moja ya harusi iliyobaki, na kila mjukuu akiitazama humwambia, "Hapo pote unapopaona peusi, si peusi."

Usidhani kuvaa huku kulikuwa upuuzi wa wenye nafasi. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, watu wengi walikuwa hawajapata kuvaa watakavyo. Mtumwa hakuvaa kama bwana wake, alikwenda peku, kichwa wazi. Walipopata uhuru wao walinunua kanzu na kofia, na wanawake wakachukua kanga na baadaye buibui, na waliojaliwa wakaenda kukaa mbele ya kamera. Mtu aliyezaliwa hana haki ya kufunika kichwa chake, sasa anakaa kitini, amejisitiri, anatazama mbele. Anayesema kuwa hiyo ni anasa tu, hajui alikotoka mtu yule.

Sasa tuje katika la pili, la kupigwa. Mwaka 1860 Mwingereza James Augustus Grant alipopita Unguja alilipiga picha soko la watumwa. Waliokuwamo hawakujiandaa kwa lolote. Mwanzoni mwa karne ya 20 zikaja postikadi, na katika hizo utaona wanawake wa mwambao wamepangwa na mpiga picha, chini pameandikwa kabila au neno kama "uzuri wa Kiswahili", jina halipo. Kadi ile ilitiwa stampu ikaenda Ulaya, na bibi yetu akawekwa juu ya meza ya mtu asiyemjua. Je, alilipwa? Aliambiwa inakwenda wapi?

Na huku Nyasa vilevile. Daktari wa jeshi la Kijerumani, Friedrich Fülleborn, alizunguka nchi hizi katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mwaka 1902 alitoa kitabu cha maumbile ya miili ya watu wa kaskazini ya Ziwa Nyasa, na mwaka 1906 akatoa Berlin kitabu kikubwa juu ya nchi ya Nyasa na Ruvuma, pamoja na buku zima la picha. Mwaka huohuo, tarehe 27 Februari, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni pale Songea kwa vita vya Majimaji. Sisemi kuwa daktari yule alinyonga mtu. Nasema kuwa mkono uliokamata nchi ndio uliokamata na sura, na kwamba wengi wa watu wale wamebaki katika vitabu kwa kabila lao, si kwa majina yao. Huenda babu wa jirani yangu yumo, na hapana wa kumtambua.

Baina ya mambo haya mawili yuko Sayyida Salme binti Said bin Sultan, aliyeondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa Aden, kisha akaenda kukaa Ujerumani. Huko alikaa akapigwa picha amevaa nguo za kwao Unguja, ambako mwanamke wa daraja yake hakutoka bila barakoa. Alikaa kwa hiari yake, na bila shaka kwa hamu ya kwao. Amefariki mwaka 1924, na sura yake sasa iko katika vitabu na madukani mwa watalii. Kwa hivyo hata mwenye hiari hakuweza kujua mwisho wa kivuli chake.

Mtaniuliza, na lile la haramu umelikimbia? Sikulikimbia. Hadithi za Mtume (S.A.W.) za kuwaonya vikali wenye kuunda sura ni sahihi, na habari ya pazia la Bibi Aisha (R.A.) lililokuwa na sura, likateremshwa, inajulikana. Wanazuoni walikhitalifiana juu ya kamera iliyokuja baada ya karne nyingi. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914 hadi 1920, aliona kwamba mpiga picha haumbi kitu, bali anazuilia kivuli ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia, aliyefariki 1999, alikataza isipokuwa kwa dharura kama vile vitambulisho. Wote ni wanazuoni, na anayejizuia kwa kucha Mungu hachekwi. Mimi naelekea kwa Sheikh Bakhit. Lakini aliyeruhusu picha hakuruhusu kuonesha tupu, wala kiburi, wala kuitundika sura ikawa kama inaombwa, wala kuivunja sitara ya nyumba ya mtu.

Na hapo ndipo suali la bibi linaporudi. Kivuli kikiwa ni chako, basi anayekishika ameshika amana. Zamani amana hiyo ilikuwa kioo au filamu, kitu unachoweza kukitia mfukoni. Leo imo katika simu na katika kadi ndogo kama ukucha, na inakwenda Maskati na London kabla ya chai kupoa. Mtu hujiandaa wiki nzima kwa nguo na hina, asijiandae hata dakika moja kwa maneno atakayomwambia mpiga picha.

Nilimwita kijana yule wa Mbinga siku mbili kabla ya Idi. Mtoto mwenye adabu, Mkristo, kazi yake anaijua. Tulikubaliana mbele ya watu wawili: wanawake watapigwa ndani, na atakayeshika kamera huko ni dada yake anayefanya kazi naye; hakuna picha itakayowekwa dukani wala mtandaoni; jamaa wakishapokea zao na kuridhika, zote zitafutwa mbele yao. Akasema hapana mteja aliyewahi kumwomba hivyo. Aliongeza bei kidogo, na kwa haki, maana picha za dirishani ndizo zinazomletea wateja. Wajukuu nao waliambiwa na bibi mwenyewe kwamba atakayeituma kwa rafiki, arudishe na nauli aliyopewa kujia Kitai. Walicheka, lakini nadhani walisikia.

Mwana mkubwa aliponisikia nikiyaandika masharti yale alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa akifuatana na baba yake mjini, mtoto wa miaka sita, na alikuwa akiona jinsi mzee alivyovuka njia ili asipite mbele ya duka lile. Sikuwa nalijua hilo. Miaka yote hii nilidhani ubishi wake umetoka katika vitabu.

Siku ya Idi alikaa. Alikaa pembeni, akamwacha dada yake akae karibu na mama yao, na kofia yake ilikuwa mpya. Huko ndani, wanawake walipopigwa peke yao, bibi alijifunga kisutu kilekile cha 1972, kilichochakaa pindoni. Picha ililetwa baada ya siku tisa. Aliishika mbali na macho yake, kama wafanyavyo wazee, akawaita wajukuu wake wadogo mmoja mmoja, akawawekea kidole juu ya nguo, wakasema wenyewe ni rangi gani.