Fahamu mpango wa Marekani wa kuwasaidia wafanyakazi wa viwanda waliopoteza ajira kutokana na biashara ya nje

Mpango wa Msaada wa Kukabiliana na Athari za Biashara, unaojulikana kwa kifupi kama TAA, ni utaratibu wa Serikali ya Shirikisho ya Marekani wa kuwasaidia wafanyakazi walioachishwa kazi kwa sababu ya ushindani wa bidhaa za nje, au kwa sababu mwajiri amehamishia uzalishaji katika nchi nyingine. Mpango huo husimamiwa na Wizara ya Kazi, na huduma zake hutolewa kupitia ofisi za ajira za majimbo. Hata hivyo, tangu tarehe 1 Julai 2022 Wizara haichunguzi maombi mapya wala kutoa vyeti vipya vya uthibitisho.

Chimbuko la mpango

Mpango ulianzishwa na Sheria ya Upanuzi wa Biashara ya mwaka 1962, wakati wa Rais John F. Kennedy. Msingi wake ulikuwa kwamba faida ya kupunguza ushuru wa forodha huenea kwa taifa zima, ilhali hasara yake huwaangukia wachache. Kwa hiyo ni haki taifa liwasaidie kuibeba.

Masharti ya awali yalikuwa magumu. Wafanyakazi walitakiwa kuthibitisha kwamba punguzo la ushuru lilikuwa sababu kuu ya kuongezeka kwa bidhaa za nje, na kwamba bidhaa hizo zilikuwa sababu kuu ya kupotea kwa ajira zao. Hadi mwaka 1969 hakuna kundi lolote lililokuwa limefaulu. Sheria ya Biashara ya mwaka 1974 ililegeza masharti hayo, na tangu wakati huo zaidi ya wafanyakazi milioni 5 wamethibitishwa kustahili msaada. Mwaka 1981 posho zilipunguzwa na mkazo ukahamia kwenye mafunzo. Mwaka 2002 wigo ulipanuliwa, ikiwemo kwa wafanyakazi wa viwanda vinavyouza vipuri kwa viwanda vilivyoathirika, na mwaka 2009 sekta ya huduma nayo ikajumuishwa.

Utaratibu wa kuomba

Maombi yaliwasilishwa na wafanyakazi wasiopungua watatu, chama cha wafanyakazi, mwajiri au ofisi ya ajira, ndani ya mwaka mmoja tangu kuachishwa kazi. Wizara ilichunguza mauzo na uzalishaji wa kampuni, na iliweza kuwauliza wateja wake iwapo wamehamia kwa wauzaji wa nje.

Cheti hakikutolewa kwa mtu mmoja mmoja, bali kwa kundi zima la wafanyakazi wa mahali husika. Aliyeachishwa kazi ndani ya kipindi kilichotajwa kwenye cheti hakulazimika kuthibitisha upya chanzo cha kupoteza ajira. Alitakiwa tu kuomba huduma katika ofisi ya ajira ya jimbo. Waliokataliwa waliweza kuomba uamuzi uangaliwe upya, au kukata rufaa katika Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani iliyopo New York.

Misaada iliyowekwa

Kwa mujibu wa masharti ya mwaka 2015, mwenye kustahili hupata:

- mafunzo ya ufundi au taaluma mpya yanayogharamiwa na Serikali;
- posho ya kujikimu kwa aliye katika mafunzo ya muda wote, ambayo pamoja na bima ya ukosefu wa ajira inaweza kufikia wiki 130;
- asilimia 90 ya gharama za kutafuta kazi mbali na nyumbani, isiyozidi dola 1,250, pamoja na msaada wa kuhama;
- kwa mwenye umri wa miaka 50 au zaidi aliyepata kazi yenye mshahara mdogo kuliko wa awali, usiozidi dola 50,000 kwa mwaka, nusu ya tofauti ya mishahara hiyo, hadi dola 10,000 ndani ya miaka miwili.

Hali ilivyo sasa

Bunge la Marekani halikuongeza muda wa mpango ulipofikia ukomo. Walioachishwa kazi kabla ya tarehe 1 Julai 2022 chini ya cheti kilichokwisha kutolewa hawakupoteza haki zao. Wafanyakazi wa kiwanda kisicho na cheti hawawezi tena kupata uthibitisho, hata kama uhusiano kati ya bidhaa za nje na kufungwa kwa kiwanda chao uko wazi.

Kinachobaki kwao ni haki za jumla. Sheria ya mwaka 1988 huwataka waajiri wenye wafanyakazi 100 au zaidi kutoa taarifa ya siku 60 kabla ya kufunga kiwanda. Bima ya ukosefu wa ajira hulipwa na majimbo, katika majimbo mengi kwa muda usiozidi wiki 26. Aidha, vituo vya ajira hutoa ushauri na mafunzo chini ya Sheria ya Ubunifu na Fursa kwa Nguvukazi ya mwaka 2014.

Tofauti kubwa ni muda. Kozi ya ufundi inaweza kuchukua miaka miwili, ilhali malipo ya bima huisha ndani ya miezi sita. Posho ya TAA ndiyo iliyoziba pengo hilo, ikimwezesha mwenye familia kumaliza masomo bila kulazimika kushika kibarua chochote kitakachojitokeza. Uamuzi wa kuirejesha umo mikononi mwa Bunge.