Goma: Mbao zinaondoka, sakafu inabaki

Katika mji wa Goma, jimboni Kivu Kaskazini, ateliye nyingi za maseremala, za wachomelea vyuma na za watengeneza chukudu zinafanana: chini sakafu ngumu, juu mbao na mabati. Mgeni anaweza kusema ni umaskini. Wakaaji wanajua kwamba desturi hiyo imetokana pia na volkano.

Mlima Nyiragongo ulipasuka tarehe 10 Januari 1977, na lava ikaua watu vijijini kaskazini mwa mji. Tarehe 17 Januari 2002 lava iliingia Goma kwenyewe, ikakata mji katikati hadi Ziwa Kivu. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliharibika, sehemu ya kaskazini ya uwanja wa ndege ikafunikwa, na zaidi ya watu 100,000 wakabaki bila makao. Wengi walikuwa wamekimbilia Gisenyi, Rwanda, lakini walirudi baada ya siku chache tu, lava ikiwa bado na moto.

Waliporudi, viwanja vyao vilikuwa chini ya jiwe. Katika baadhi ya nyumba za ghorofa, chumba cha juu kilikuwa sasa sawasawa na barabara. Hakuna aliyeweza kuchimba msingi. Watu walivunja makoro kwa nyundo, wakasawazisha, wenye uwezo wakamwaga sima juu, kisha wakasimamisha mbao. Lava yenyewe ikawa sakafu ya mji.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege, lakini matetemeko yalipasua kuta nyingi, na tarehe 27 Mei sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Nyumba ya mbao ni nyepesi: ardhi ikitetemeka, inacheza bila kuanguka upesi kama ukuta wa matofali. Tena inaweza kufunguliwa na kujengwa mahali pengine.

Lakini kinachofunguka upesi kinabebwa upesi pia. Vita vilivyorudi mwishoni mwa mwaka 2021 vilifukuza watu wa Rutshuru, Nyiragongo na Masisi hadi kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala. Mwezi wa Februari 2025 kambi hizo zilifungwa, familia zikaanza safari ya kurudi. Kwa aliyekuta mbao na mabati vimechukuliwa, sakafu ya zamani ndiyo mali iliyobaki, na juu yake anaweza kuanzisha tena kazi.

Mafundi wana namna yao ya kuijaribu. Mahali palipopiganiwa, wanaangalia kwanza kama hakuna bomu au kitu kisichojulikana. Kikionekana, hakiguswi, wanaita wataalamu. Kisha wanagonga kwa nyundo: mlio wa debe tupu unaonyesha kwamba chini kuna shimo. Ufa mwembamba unazibwa kwa sima. Ufa ambao upande mmoja umezama ni dalili kwamba ardhi imehama. Hapo hapawekwi mashine nzito. Wanamwaga maji waone yanaelekea wapi. Mbao hazilazwi juu ya sakafu moja kwa moja, kwa sababu unyevu unaziozesha. Zinainuliwa juu ya safu ya mawe na kufungwa kwa vyuma, upepo usizing'oe. Upande wa magharibi wa Goma wanaogopa pia mazuku, hewa nzito inayotoka ardhini na kukaa mahali pa chini. Inaua bila harufu, kwa hiyo chumba cha shimoni hakifai.

Linabaki swali la mwenye sakafu. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na raia anapewa haki juu yake kwa karatasi. Sakafu peke yake haitoshi kuwa ushahidi, na familia mbili zinaweza kudai sakafu moja. Mwenye kurudi anafanya vema kuita majirani wa zamani na mkubwa wa kata kabla ya kupigilia msumari wa kwanza. Ateliye iliyojengwa leo kwa haraka inaweza kuleta kesi itakayodumu kuliko mbao zake.